Nyota pacha kwenye mshono: dhana potofu kuhusu kuunganisha mozaiki za anga

Kwa mara ya nne tangu kiangazi kianze, mteja aliketi mbele ya kompyuta yangu hapa Dodoma, akafungua mozaiki, yaani picha moja kubwa ya anga iliyoungwa kutokana na picha ndogo sita au paneli, aliyoipiga nje ya Bahi, akanyoosha kidole kwenye mstari uliokata kundi la Nge katikati, akaniambia: "Fundi, wewe nipanulie tu ule mfifisho, mshono utapotea." Nyota zilizo juu ya mstari ule zilikuwa mbili mbili, nyingine zilikatwa nusu kama chungwa, na kando ya Antares, nyota kali kuliko zote za Nge, palikuwa na doa jeusi lenye umbo la alama ya kikombe cha chai mezani. Alikuwa amekwisha kupanua eneo la kufifisha ukingo mara tatu nyumbani kwake, na kila alipopanua, nyota pacha ziliongezeka. Hata hivyo aliamini kwamba kilichokosekana ni upana zaidi.

Naandika kwa sababu imani hiyo inawapotezea watu usiku ambao hawataupata tena kwa urahisi. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kitovu cha Njia Nyeupe, kilicho nyuzi 29 kusini mwa ikweta ya anga, hupita nyuzi 23 tu kutoka utosini mwetu. Kuanzia Mei hadi Oktoba mawingu huwa machache, na ukitoka mjini kuelekea Bahi, Hombolo au Kondoa, giza bado lipo. Mtu aliyetumia mikesha minne kukusanya data ya namna hiyo anastahili kuelezwa kwa usahihi kwa nini nyota zake zimeharibika. Walio wengi wamejifunza tiba moja, na tiba hiyo si ya ugonjwa walio nao.

Dhana: mshono mbaya hutibiwa kwa kufifisha ukingo zaidi

Kufifisha ukingo ni kuchukua wastani wa paneli mbili mahali zinapopandana, uzito wa paneli moja ukipungua polepole huku uzito wa nyingine ukiongezeka. Kwa wingu la gesi, au kwa weupe mpana wa Njia Nyeupe, njia hiyo inafaa, kwa kuwa vitu hivyo havina kingo kali na tofauti ndogo ya mahali haionekani. Nyota haivumilii tofauti hiyo. Katika picha iliyolengwa vizuri, nyota ina upana wa pikseli 3 hivi, ikipimwa pale mwanga wake unapofikia nusu ya kilele. Nyota mbili za upana huo, zenye mwanga sawa, zikiachana kwa zaidi ya pikseli 2.5 hivi, wastani wake unakuwa na vilele viwili, na jicho linaona nyota mbili. Zikiachana kwa pikseli moja na nusu, linaona nyota moja iliyorefuka kama punje ya mchele. Upana wa kufifisha haumo kabisa katika hesabu hiyo. Ukififisha kwa pikseli 50, utapata ukanda wa nyota pacha wenye upana wa pikseli 50, na ukififisha kwa pikseli 500, utapata ukanda wa pikseli 500. Mstari mkali haupo tena, ni kweli, lakini sasa umeharibu sehemu ya kumi ya anga yako ili kuuficha.

Swali linalopaswa kuulizwa kwanza ni kwa nini nyota ile ile imekaa mahali pawili. Jibu karibu kila mara ni upotoshaji wa lenzi. Chukua kamera ya pikseli 6,000 kwa 4,000 yenye lenzi ambayo upotoshaji wake kwenye pembe ni nusu ya asilimia tu, kiwango ambacho mpiga picha za harusi hatakigundua maisha yake yote. Nyota iliyo kwenye pembe, pikseli 3,600 kutoka katikati, imesukumwa pikseli 18 kutoka mahali pake. Katika paneli ya jirani, nyota hiyo hiyo iko upande wa pili wa lenzi, kwa hiyo imesukumwa kuelekea upande ulio kinyume. Programu isiyojua habari za upotoshaji itazisogeza na kuzizungusha paneli hizo mpaka nyota zilingane mahali fulani, kwa kawaida katikati ya mshono, na hapo itatangaza kwamba kazi imekamilika. Lakini kwa lenzi niliyoitaja, paneli zikilingana barabara katikati ya mshono, kwenye ncha zake mbili nyota zitaachana kwa takriban pikseli 9. Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta kwanza mteja anapofungua faili. Nyota zikiwa moja moja katikati ya mshono na pacha kwenye ncha zake zote mbili, sihitaji kuuliza swali la pili. Lenzi haikusahihishwa, na hakuna kufifisha kutakakoisahihisha.

Tiba yake inafanyika kabla paneli hazijaguswa na programu ya kuunganisha. Kila paneli, ikiwa peke yake, inatakiwa kutafutiwa majiranukta yake ya angani, yaani programu izitambue nyota zilizomo kwa kuzilinganisha na orodha ya nyota, na wakati huo huo itengeneze modeli ya upotoshaji wa lenzi. Orodha zilizopo leo ni sahihi kupita mahitaji yetu. Chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya, kilichorushwa mwaka 2013, kimetupatia katika toleo lake la tatu la mwaka 2022 orodha ya nyota na vyanzo vingine vya mwanga zaidi ya bilioni 1.8. Programu ikishajua kila pikseli inatazama wapi angani, paneli zote huchorwa upya juu ya ramani moja, na nyota zinakaa mahali pake kwa sababu zinajulikana zilipo. Hazikai hapo kwa sababu paneli mbili zimekubaliana baina yao. PixInsight, programu ya kuchakata picha za anga, inafanya hivyo, na Siril, ambayo ni ya bure, nayo inaweza kulandanisha picha kwa majiranukta. Kinachosahaulika ni kuiwasha modeli ya upotoshaji. Watu wengi huiacha ikiwa imezimwa, kisha hushangaa kwamba wamefuata hatua zote na nyota bado ni pacha.

Ramani hiyo moja nayo inahitaji kuchaguliwa kwa akili. Projeksheni ya nomoniki, inayochora anga juu ya bapa linaloligusa tufe kwenye nukta moja, inafaa mozaiki ndogo. Kwa mozaiki inayoanzia Nge hadi kundi la Salibu haifai, kwa kuwa nyuzi 40 kutoka katikati inavuta picha mara 1.7 kuelekea nje na mara 1.3 tu kwa upande mwingine, na nyota za mviringo zinageuka kuwa mayai. Wako waliouza lenzi nzuri kwa sababu ya mayai hayo. Kwa upana wa namna hiyo tumia projeksheni ya stereografiki, ambayo inakuza nyota za pembeni bila kuharibu umbo lake.

Kasoro ya pili, lile doa jeusi la mfano wa alama ya kikombe, haina uhusiano na lenzi. Inatokana na aina nyingine ya kuunganisha, ambayo haichukui wastani wa mwanga bali inachukua tofauti kati ya pikseli na jirani yake, kisha inaijenga picha upya kutokana na tofauti hizo. Mfano wake ni GradientMergeMosaic iliyomo ndani ya PixInsight. Njia hiyo ina uwezo mkubwa wa kufuta mteremko wa mwanga wa anga kati ya paneli, na ndiyo maana inapendwa. Sasa fikiria mtu anayepanda kilima cha Mlimwa kwa kufuata ramani moja na kushuka kwa kufuata ramani nyingine, na ramani hizo mbili hazikubaliani kuhusu urefu wa kilima. Akifika chini, hesabu yake itamwambia yuko juu ya usawa wa mji au yuko ndani ya ardhi, ilhali amesimama pale pale alipoanzia. Nyota iliyo juu ya mshono inapandwa kwa paneli moja na kushukwa kwa nyingine. Ikiwa nyota hiyo ni kali zaidi katika paneli moja, au imekaa pembeni kidogo, masalia ya hesabu hayana pa kwenda, na programu inayasambaza kuizunguka nyota kama doa jeupe au jeusi. Nyota hafifu huacha doa lisiloonekana. Antares, ambayo ni miongoni mwa nyota ishirini zinazong'aa zaidi angani, huacha doa ambalo mtu ataliona akiwa upande wa pili wa chumba.

Chanzo kingine cha madoa hayo ni ukingo mchafu. Paneli inapochorwa upya kwenye ramani, pikseli zake za mwisho huchanganyika na weusi wa nje usio na data. Programu inajua kwamba sifuri maana yake ni hakuna kitu, lakini pikseli iliyo nusu sifuri nusu anga inaichukua kama anga halisi, na nyota iliyokatwa na ukingo huo inaichukua kama nyota nzima yenye umbo la ajabu. Kata pikseli kadhaa kila upande wa kila paneli kabla ya kuunganisha. Ndani ya PixInsight ipo skripti ya TrimMosaicTile kwa kazi hiyo hiyo. Ni kazi ya dakika mbili. Nimewahi kupokea mozaiki ya paneli kumi na mbili iliyojaa madoa, nikakata kingo na kuunganisha upya bila kubadili kitu kingine chochote, na zaidi ya nusu ya madoa hayo yakatoweka.

Sasa nitoe ushauri ambao nimeutoa kwa kila mteja na ambao nitaendelea kuutoa: mshono usinyooke. Hakuna sheria inayosema mpaka wa paneli mbili uwe mstari ulionyooka kama barabara ya kwenda Manyoni. Mahali zinapopandana, nyota moja iko katika paneli zote mbili, na wewe una hiari ya kuamua itatoka katika paneli ipi. Chora maski, yaani kiolezo kinachoamua kila sehemu itoke paneli ipi, ambayo mpaka wake unapita katika anga tupu, ukizunguka kila nyota kali kwa upana unaobeba nyota nzima pamoja na duara lake la mwanga, kisha uunganishe kwa mpaka mkali au wenye mfifisho wa pikseli mbili tatu tu. Nyota nzima kutoka katika paneli moja haiwezi kuwa pacha, haiwezi kukatwa, na haiwezi kuacha masalia ya kilima. Nyota hafifu zilizobaki juu ya mpaka, iwapo ulandanishaji ni mzuri, hazitaonekana. Kazi hii inachukua jioni moja kwa mozaiki ya paneli sita, na sijaona mashine inayoifanya vizuri kuliko mtu mwenye subira.

Dhana: ukisawazisha mwanga wa anga, paneli zimelingana

Hii inafuata kwa kuniudhi, kwa sababu inaonekana kuwa kweli mpaka utazame nyota moja kwa karibu. Paneli mbili hutofautiana kwa namna mbili zisizofanana. Ya kwanza ni mwanga unaoongezeka juu ya kila kitu: taa za mji, mwezi, weupe wa hewa. Ukipiga picha ukiwa Bahi, mwanga wa Dodoma uko mashariki yako, na paneli ya mashariki itakuwa na mteremko ambao ya magharibi haina. Huo unaondolewa kwa kutoa. Ya pili ni mwanga unaopungua kwa uwiano: vumbi, ukungu, urefu wa hewa ambayo mwanga umepita. Nyota iliyo kwenye kimo cha nyuzi 30 inapita katika hewa takriban mara mbili ya ile ya utosini. Upungufu huo unarekebishwa kwa kuzidisha, na hakuna kiasi cha kutoa kinachoweza kuurekebisha.

Mtu akisawazisha anga peke yake, nyuma ya nyota panakuwa na rangi moja nzuri kutoka paneli hadi paneli, lakini nyota zenyewe zinabaki na nguvu tofauti, na ile iliyo juu ya mshono inakuwa kali upande mmoja na hafifu upande mwingine. Hiyo ndiyo nyota iliyokatwa kama chungwa. Rekebisha kwanza uwiano kwa kupima mwanga wa nyota zile zile katika paneli zote mbili, kisha ndipo uondoe mteremko. PhotometricMosaic, skripti nyingine ya PixInsight, inafuata utaratibu huo. Na kazi yote ifanyike data ikiwa bado mbichi, kabla ya kuvuta mwanga, yaani kabla ya kuvikuza vilivyo hafifu ili vionekane. Paneli zikishavutwa kila moja kivyake, uhusiano kati ya nyota kali na hafifu umepindishwa kwa namna tofauti katika kila moja, na hapo hakuna namba moja ya kuzidisha itakayozirudisha pamoja. Mtu anayeniletea paneli sita za JPEG zilizokwisha kuvutwa namrudisha nyumbani akachukue faili za awali, na ninaomba radhi kwa nauli anayoipoteza.

Dhana: programu yoyote ya kuunganisha picha za mandhari inatosha

Programu hizo zinatafuta pembe za majengo, matawi na mawe, kisha zinakunja picha ili vitu hivyo vikutane. Katika anga la Nge kuna maelfu ya nukta zinazofanana, na programu inaweza kuoanisha nyota na nyota isiyo yake bila kujua. Hata inapooanisha sawasawa, inakunja picha kienyeji ili kuridhisha mshono mmoja na kuharibu mwingine. Kwa picha ya simu ya Njia Nyeupe juu ya mbuyu, itumie bila hofu. Kwa mozaiki iliyokusanywa kwa darubini au lenzi ya milimita 135, usiitumie.

Dhana: akili mnemba iondoe nyota katika kila paneli, kisha tuunganishe anga tupu

Wazo hili limeenea haraka na linavutia, kwa sababu anga isiyo na nyota ni rahisi kuunganisha. Lakini programu ya kuondoa nyota imefunzwa kutambua nyota nzima. Nyota iliyokatwa na ukingo wa paneli mara nyingi haitambui, hivyo inaiacha nusu, au inaiondoa na kuacha kovu. Makovu hayo yote yanajipanga mahali pamoja, yaani kwenye mshono. Zaidi ya hayo, nyota ulizoziondoa utataka kuzirudisha, na ukizirudisha utakuta bado ni pacha, kwa sababu lenzi bado ni ile ile. Unganisha kwanza, kisha ondoa nyota katika mozaiki nzima ukipenda.

Kuhusu brashi ya kurekebisha, ambayo wengine huitumia kufuta pacha mmoja mmoja, nina neno moja tu. Brashi hiyo haijui nyota ipi ni ya kweli. Nimeona mozaiki ya Nge ambayo nyota halisi, inayoonekana kwa macho, ilifutwa na pacha wake akabakizwa. Picha ya anga ni kumbukumbu ya kitu kilichopo, na anayeitazama ana haki ya kuamini kwamba nyota anayoiona ipo.

Dhana: vumbi na upepo wa Dodoma ndivyo vinavyoharibu mishono

Upepo unatikisa darubini na kunenepesha nyota; vumbi linapunguza mwanga. Vyote viwili vinafanya paneli ya usiku mmoja isifanane na ya usiku mwingine, na nyota nene ikikutana na nyembamba kwenye mshono, tofauti inaonekana. Lakini havizai nyota pacha, na dawa yake ni mpango. Piga kila paneli inapokaribia kuvuka mstari wa kaskazini na kusini, ambapo iko juu kabisa, ukianza na paneli ya magharibi, kwa kuwa ndiyo inayovuka kwanza. Ukifanya hivyo kila usiku kwa mpangilio ule ule, paneli zote zitakuwa zimepita katika kiasi cha hewa kinachokaribiana. Usiku wa upepo mkali lala. Nyota zilizonenepa hazinyooshwi baadaye.

Dhana: asilimia 10 ya kupandana inatosha

Inatosha kwa aliye na mhimili wa darubini uliolandanishwa vizuri na ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, na hapa kwetu huo ni mtihani. Masomo mengi ya mtandaoni yanamwelekeza mtu kwenye Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini, ambayo kutoka Dodoma haionekani kamwe. Ncha yetu ni ya kusini, iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi au nyuma ya kilima, na Sigma Octantis iliyo karibu nayo ni hafifu kiasi kwamba hata mbali na taa ni vigumu kuiona kwa macho. Matokeo yake ni kwamba mhimili mwingi hapa umekosea kidogo, picha inazunguka polepole usiku kucha, na baada ya kurundika fremu, yaani kuziunganisha picha nyingi za paneli moja kuwa moja, pembe za kila paneli zinakatwa. Eneo la kupandana ulilodhani ni mstatili linabaki kabari. Weka asilimia 25. Utahitaji nafasi hiyo pia kwa kukata kingo, kwa kukwepa nyota za pembeni zenye mikia, na kwa kuupitisha mshono usionyooka niliousema.

Anayepiga Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, aongeze tahadhari. Liko karibu nyuzi 70 kusini mwa ikweta ya anga, ambako mistari ya anga ya kaskazini na kusini inabanana kuelekea kwenye ncha, na paneli mbili zilizo nyuzi 3 mbali kutoka mashariki hadi magharibi zinainamiana kwa takriban nyuzi 8. Ukizipanga kama vigae vya sakafu, utaacha pengo la pembetatu ambalo hutaligundua mpaka siku ya kuunganisha.

Dhana: nyota kali ikiwa kwenye mshono, programu itaishughulikia

Hapana. Duara la mwanga linaloizunguka nyota kali linatokana na mwanga unaorudi kati ya vioo na sensa, na mahali pake hutegemea nyota iko wapi ndani ya fremu. Antares ikiwa kwenye ukingo wa kulia wa paneli moja na wa kushoto wa nyingine, duara lake litakuwa limehamia pande mbili tofauti, na hakuna ulandanishaji utakaoyakutanisha, kwa sababu duara hilo haliko angani. Ukitumia darubini ya kioo, miale minne ya nyota nayo itapishana iwapo umelizungusha bomba la darubini kati ya paneli. Panga gridi yako kabla ya kutoka nyumbani, ukihakikisha kila nyota kali imekaa ndani ya paneli moja, mbali na kingo.

Mozaiki ya yule mteja wa Bahi ina mishono saba. Tulizitafutia paneli zote sita majiranukta upya tukiwa na modeli ya upotoshaji, tukakata kingo, tukapima uwiano wa nyota, kisha tukaunganisha bila kufifisha. Mishono mitano ilitoka safi. Wa sita ulihitaji maski iliyozungushwa kuikwepa nyota moja ya mkia wa Nge. Wa saba ndio ule wa Antares, ambayo katika paneli zote mbili iko ukingoni na duara lake limekatwa, kwa hiyo hakuna paneli inayoweza kutoa nyota nzima. Amekubali kurudi Bahi mwezi wa Septemba kupiga paneli moja ya ziada yenye Antares katikati yake; saa mbili usiku Nge bado itakuwa juu upande wa magharibi, mbali na taa za mji.